Utenzi wa Siku ya Pili: Sanaa Iliyosalia Mrima Ulipoanguka

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani vita vya Wajerumani kuitwaa pwani ya bara, ulitungwa na mtu wa upande ulioshindwa. Mtunzi wake, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alikuwa mwanachuoni wa pwani ya Tanga, na alipouandika, karibu na mwaka 1891, vita vilikuwa vimekwisha: bendera ya Sultani wa Unguja imeshushwa, Bushiri bin Salim amenyongwa, na miji ya pwani ina mwenyewe mpya. Katika Kiswahili ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa sanaa iliyozaliwa siku ya pili ya maangamizi. Waandishi wa Urusi wa zama hizi wamejenga riwaya nzima juu ya swali moja: dunia ikishamalizika, nyimbo na vitabu vinasaliaje, na ni nani anayevibeba? Watu wa Mrima walilikabili swali hilo katika maisha yao wenyewe, karne moja kabla ya riwaya hizo.

Kilichoanguka hakikuwa kidogo. Pangani ya kabla ya 1888 ilikuwa bandari ya pembe za ndovu, mashamba ya miwa na misafara iliyokwenda bara hadi Kilimanjaro na Umasaini. Liwali alikaa kwa niaba ya Sultani, lakini mji ulikuwa na majumbe wake, wenye heshima zao, ngoma zao na haki zao za kupokea ada kwa wageni na wafanyabiashara. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya forodha na utawala wa pwani kwa mkataba. Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni waliingia mijini. Aliyepelekwa Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na amri zake zifuatwe mara moja. Siku hizo zilikuwa za Idi ya Kuchinja, na habari kwamba Wajerumani wameingia msikitini na mbwa wao ilienea pwani yote. Mji ukawaka moto. Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, akawa kiongozi wa upinzani, na Bwana Heri akasimama Saadani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Sudani na Msumbiji. Julai 1889 Pangani na Tanga zilichukuliwa, na Desemba 15 mwaka huo Bushiri alinyongwa papo hapo Pangani.

Haya ndiyo aliyoyashika Hemedi. Aliyatia katika umbo lililokuwa tayari: kila ubeti una vipande vinne vyenye mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinafunga kwa kina kinachopita utenzi wote tangu mwanzo hadi mwisho. Ni umbo ambalo watunzi wa pwani walilitumia kusimulia vita vya Mtume na masahaba, na Hemedi mwenyewe alilitumia pia katika Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Kwa hiyo msikilizaji wa Pangani au Mkwaja alipousikia utenzi huu mpya, masikio yake yaliutambua hata kabla akili yake haijafika kwenye majina ya Wajerumani. Habari za aibu na kilio ziliingia katika chombo kilichozoea kubeba habari kubwa, na hapo ndipo palipo na nguvu ya kazi hii. Mtunzi hakuwa na haja ya kubuni fasihi mpya kwa ajili ya dunia mpya. Alichukua fasihi iliyokuwapo na kuonyesha kwamba bado inatosha.

Utenzi pia hauwasifu watu wa pwani tu. Unasema nani alikimbia, nani alikubali hadaa, na jinsi Sultani alivyouridhia mkataba. Uchungu wake ni uchungu wa mtu anayetaka mambo yaandikwe kama yalivyokuwa, na kwa sababu hiyo wanahistoria wa karne ya 20 waliutumia kama ushahidi, bega kwa bega na majalada ya Kijerumani.

Swali la pili ni jinsi ulivyofika katika mikono ya wasomaji wa leo. Hemedi aliandika kwa hati za Kiarabu, kama walivyofanya watunzi wote wa pwani wa wakati wake. Hati hizo zilikuwa na upungufu ambao ni lazima kuutazama kwa karibu. Herufi ya ba ilisimama badala ya b, p, mb na mp. Fa ilibeba f na v. Alama ya irabu i ilisomwa pia kuwa e, na ya u ikasomwa pia kuwa o. Mtu aliyekaa na karatasi peke yake, bila kuwahi kusikia utenzi ukisomwa, angekwama katika ubeti wa kwanza. Mizani ilimsaidia, kwa kuwa neno lililosomwa vibaya huvunja hesabu ya silabi. Vina vilimsaidia pia. Lakini msaada mkubwa ulikuwa sauti ya aliyemtangulia. Karatasi ilikuwa ukumbusho wa kitu ambacho tayari kinaishi kinywani, na utenzi haukusomwa kimya. Ulighaniwa kwa mahadhi, mbele za watu, barazani au nyumbani usiku.

Hivyo kila nakala ilihitaji watu wawili: anayejua kuandika na anayejua kughani. Pengine mtu mmoja aliweza yote mawili, kama ilivyokuwa kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili mashuhuri kupita wote wa pwani, aliyefariki mwaka 1945 akiwa ameacha miswada mingi mizuri. Lakini mara nyingi kazi iligawanyika ndani ya familia, mzee na kijana, mume na mke. Mpangilio huu unaonekana dhaifu, kwa sababu mtu mmoja akifa sehemu ya maarifa inakwenda naye. Kwa kweli uliwafaa sana watu waliopigwa na vita. Hapakuwa na jumba moja la vitabu ambalo adui angelichoma, wala ofisi moja ya kufungwa. Utenzi ulikuwa Tanga, ulikuwa vijijini, ulikuwa Unguja, katika masanduku na vifuani.

Katika nyumba ya kina Buhriy wenyewe elimu iliendelea. Mwana wa mtunzi, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa mwanasheria wa Kiislamu wa kutegemewa mjini Tanga na mwandishi wa vitabu kuhusu nikahi na mirathi. Kwa njia ya wanazuoni kama hao utenzi ulimfikia J. W. T. Allen, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika, ambaye baba yake, kasisi Roland Allen, alijifunza Kiswahili uzeeni na kufasiri tenzi. Mwaka 1960 Utenzi wa Vita vya Wadachi ulitolewa na East African Literature Bureau, ukiwa kitabu cha kwanza katika mfululizo ulioitwa Johari za Kiswahili. Miaka ipatayo 70 ilikuwa imepita tangu kutungwa.

Kuna njia nyingine ya kuokoka ambayo ni chungu kuitaja, nayo ni mikono ya mshindi. Wajerumani walipokuwa wakitawala, wataalamu wao walikusanya mashairi ya Waswahili kwa bidii kubwa. Mikusanyo miwili ya Carl Gotthilf Büttner, aliyefundisha Kiswahili Berlin, ilichapishwa mwaka 1894, na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali pwani, akaendelea na kazi hiyo. Baadhi ya mashairi waliyoyakusanya yanawasifu watawala, na msomaji wa leo huona haya kuyasoma; mengine yanasema mambo mawili kwa wakati mmoja, sifa juu na maombolezo chini. Mwaka 2002 kundi la watafiti likiongozwa na Gudrun Miehe lilitoa huko Köln kitabu Kala Shairi, kinachokusanya mashairi ya Kiswahili kuhusu Afrika Mashariki ya Kijerumani. Bila makabati ya Ulaya mengi ya mashairi hayo yasingepatikana tena. Hilo halifuti dhuluma ya vita, ila ni kweli, na mwandishi wa historia ya sanaa hana budi kuliandika.

Riwaya za Kirusi zinalitazama jambo hili kutoka upande mwingine. Katika Kys, riwaya ya Tatyana Tolstaya iliyotoka mwaka 2000, Moscow imeangamizwa na Mlipuko, na karne mbili baadaye mahali pake pamesimama kijiji cha watu wanaokula panya. Mtawala wao huwaamuru waandishi kunakili mashairi kwenye magome ya miti, naye hudai kwamba ameyatunga yeye. Kumbe ni ya Pushkin na wenzake. Vitabu vya zamani vimepigwa marufuku. Kijana Benedikt, mnakili, anapata nafasi ya kuingia katika maktaba ya siri na kusoma kila kitu, lakini haelewi chochote, na mapenzi yake kwa vitabu yanamfanya awe mkatili hata kuua. Ni wazee wachache tu wa zama za kale ambao bado wanajua maana ya maneno, na mmoja wao anamfanya Benedikt achonge sanamu ya Pushkin kwa gogo la mti ili angalau sura yake isisahauliwe.

Metro 2033 ya Dmitry Glukhovsky, iliyochapishwa mwaka 2005, inawaweka manusura wa vita vya nyuklia chini ya ardhi, katika vituo vya treni vya Moscow. Kwenye vituo vichache tu vilivyoungana ndipo watu bado wanaheshimu vitabu, na kwa ajili ya kitabu kimoja wajasiri hupanda juu usiku hadi maktaba kuu ya nchi, ambamo viumbe wa kutisha wanalinda rafu. Vladimir Sorokin, katika Manaraga ya mwaka 2017, amekwenda mbali zaidi: wapishi wa matajiri huchoma nyama kwa moto wa matoleo ya kwanza ya vitabu vya fasihi, na kila mwandishi ana bei yake kama kuni.

Hofu hii ina historia. Anna Akhmatova alitunga shairi lake refu Requiem kati ya 1935 na 1940, wakati mwanawe yumo gerezani. Kwa kuogopa upekuzi, aliwafundisha marafiki wachache wa kuaminika walihifadhi kwa moyo, kisha karatasi zikachomwa. Lilichapishwa kwa mara ya kwanza Munich mwaka 1963. Nadezhda Mandelstam naye alibeba kichwani mashairi ya mumewe Osip, aliyefia katika kambi ya wafungwa mwaka 1938. Taifa lililoona hivyo haliwezi kuandika riwaya za siku za mwisho bila kuuliza habari za vitabu.

Ukiziweka riwaya hizo karibu na utenzi wa Hemedi, tofauti inajitokeza wazi. Kwa Mrusi wa mjini, shairi kuishi kinywani ni dalili ya hatari, jambo linalofanyika pale kitabu kinapokatazwa. Kwa Mswahili wa karne ya 19 kinywa kilikuwa ndiyo makao ya kawaida ya shairi, na kitabu kilikuwa mgeni wa kukaribishwa. Ndiyo maana bunduki za Wissmann ziliweza kuuvunja utawala wa Pangani bila kuuvunja utenzi.

Lakini hatari ya Benedikt ilikuja Mrima pia, kwa mlango mwingine. Mapema katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, na humo Kiswahili kilifundishwa kwa herufi za Kilatini. Magila, karibu na Muheza, wamishonari wa Kiingereza walikuwa tayari wanachapisha kwa herufi hizo, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga kwa ajili ya wasomi wa shule. Karani, mwalimu na akida waliajiriwa kwa ujuzi wa hati mpya. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na tahajia yake ilikuwa ya Kilatini peke yake. Hakuna aliyechoma miswada. Ila wajukuu wa wanazuoni walirithi masanduku ya karatasi ambazo ziliandikwa kwa lugha yao ya mama, nao hawakuweza kuzisoma. Madhara ya mabadiliko hayo kwa urithi wa tenzi yamezidi madhara ya mizinga yote ya mwaka 1889.

Mfano wa kitu kilichosalia bila sauti upo Tongoni, kusini mwa Tanga, kandokando ya barabara ya Pangani. Hapo pana magofu ya msikiti wa matumbawe na chokaa na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo, ya mji uliostawi katika karne ya 14 na 15. Waandishi wa Kireno waliitaja sehemu hii kwa jina la Mtangata, na mwaka 1499 Vasco da Gama aliichoma moto karibu na hapo meli mojawapo ya msafara wake, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Anayezikaribia nguzo za makaburi ataona vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye ukuta. Humo ndimo zilimokuwa bakuli za kaure kutoka China, zilizopachikwa ili zing'are juani. Karibu zote zimeshang'olewa. Kishimo kinaonyesha ukubwa wa bakuli, hata unene wa ukingo wake. Hakisemi aliyezikwa ni nani, aliimbiwa nini, wala alitunga nini. Jiwe limedumu kuliko karatasi, na limehifadhi kidogo kuliko karatasi.

Tanga ilimpata mtunzi wake mkubwa wa karne ya 20 katika Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Yeye ni mwana wa shule ya herufi mpya ambaye hakuziacha bahari za zamani. Utenzi wa Vita vya Uhuru unasimulia Vita Kuu ya Pili ya 1939 hadi 1945, vita vilivyopiganwa mbali na karani wa Tanganyika aliyevifuatia kwa habari zilizomfikia. Alivipa umbo lilelile alilolitumia Hemedi kwa vita vya mlangoni. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mlolongo kutoka kwa Hemedi hadi kwa Shaaban haukukatika, ijapokuwa katikati yao hati, serikali na shule zote zilibadilika, na huo ni ushindi ambao haujasifiwa vya kutosha.

Riwaya ya Kiswahili ya maangamizi yenyewe ilikuja baadaye, na si kutoka pwani. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vifupi na vigumu: mji uliotulia kama wafu, wanafalsafa wa kale wanaotokea njiani, maangamizi makubwa na manusura wachache wa kuanza upya. Tofauti na wenzake wa Urusi, Kezilahabi haangalii sana hatima ya vitabu. Kinachobaki kwake ni hadithi, ndoto na ngoma, yaani sanaa zisizohitaji rafu, na katika hilo mwana wa ziwani anakutana na watu wa Mrima.

Tanga ilipitia pia maangamizi ya uchumi. Mkonge, uliofikishwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ukiwa miche 62 tu iliyonusurika safarini, uliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaja, mashamba yakachakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Mishahara ya mkonge na ya bandarini ndiyo iliyojaza kumbi za dansi zilizowalea Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ambavyo mtindo wao wa gita ulivuka mpaka hadi Mombasa. Sahani zao za santuri zilitegemea viwanda vya Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ilizibwa. Nyimbo ziliokolewa na kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingine na watu waliozikariri harusini. Mwaka 1989 mkusanyiko wa nyimbo za Black Star na Lucky Star, uitwao Nyota, ulitolewa London.

Kwa upande wa tenzi, J. W. T. Allen alitumia miaka ya 1960 kukusanya miswada ya pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi yake, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, inaorodhesha miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti, kwa kuwa alifahamu kwamba karatasi bila mghani ni nusu ya kazi. Miswada iliyobaki majumbani inapambana na unyevu wa bahari na mchwa. Ujuzi wa kuisoma haujatoweka, ila umegawanyika. Vijana waliopita chuoni wanazitambua herufi kwa sababu wamesoma Kurani, lakini msamiati wa kale na mahadhi hawanayo. Wazee waliosikia tenzi utotoni wana maneno na mahadhi, ila macho hayaoni tena au hati hawakufundishwa. Mswada mmoja unaposomwa vizuri leo, kwa kawaida ni kwa sababu wawili hao wamekaa pamoja, mmoja akitaja herufi na mwingine akirekebisha neno mpaka mizani ikamilike.